Kamshafti ya Hilux ya Mama

Najua nimekuwa kimya tangu Novemba, na wale wanaongoja sehemu ya tatu ya makala kuhusu hifadhidata watanisamehe, itakuja. Leo nina jambo jingine. Nilikwenda nyumbani Nakuru kwa Krismasi nikiwa na mpango wa kulala wiki mbili, badala yake likizo yote ikaishia chini ya boneti, kwenye gereji moja ya jua kali pale Rhonda, na kucha zangu hadi leo hazijatakata vizuri. Wasiopenda magari naomba wavumilie kidogo. Kompyuta itaingia huko mbele.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux pikapu ya mwaka 1994, injini ya petroli inayoitwa 22R. Kwa wasioijua: silinda nne, sentimita za ujazo 2,366, valvu nane, kabureta moja, na kamshafti moja iliyolala juu ya hedi. Hakuna sensa, hakuna kisanduku cha elektroniki cha kuiamulia injini ifanye nini. Mita ya kilomita ilikufa mwaka 2016 ikisoma 391,000 na ushee, na tangu hapo gari halijapumzika. Kwa hesabu yangu limekwishapita nusu milioni.

Baba alilinunua mwaka 2001 likiwa limetumika. Alipofariki mwaka 2015, Mama alichukua funguo na hakuwahi kuzirudisha msumarini. Mara mbili kwa wiki anapanda Mau Narok kupitia Njoro, amebeba mbolea, unga na sukari za maduka ya huko juu, kisha anashuka na viazi, magunia 20 ya kilo 50, yaani tani moja kamili. Hapandi mtupu wala hashuki mtupu. Gari hilo ndilo lililonilipia karo ya sayansi ya kompyuta pale Egerton, na kwa kuwa barabara ya Mau Narok inapita langoni mwa chuo, mara nyingi nilisimama hapo nikapokea nauli na mfuko wa viazi kupitia dirishani, injini ikiwa inanguruma. Hakuizima, kwa sababu betri ilikuwa mbovu.

Basi mwaka jana Mama akaanza kulalamika kwenye simu kwamba gari limechoka. Mlima aliokuwa anaupanda kwa gia ya tatu sasa anaupanda kwa ya pili, na pengine ya kwanza, huku malori ya mkaa yakimpigia honi. Tena kuna sauti, tik tik tik, kama cherehani.

Mimi nikajiona nimepata suluhisho kabla sijaliona gari.

Hapa lazima nikiri ugonjwa wangu. Mwaka 2021 Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia, nilikwenda na marafiki hadi Soysambu kutazama. Gari la kwanza lilipotokea kwenye vumbi, kila nilichojua kuhusu magari kiligeuka. Tangu siku hiyo nasoma habari za injini kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Nikajua kwamba Toyota ilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwa Celica Twincam Turbo, Björn Waldegård akiendesha mara mbili na Juha Kankkunen mara moja katikati. Na hilo jina Twincam maana yake ni kamshafti mbili. Yaani kifaa chenyewe kimeandikwa kwenye jina la gari! Nikaamua kwamba tatizo la Hilux ya Mama ni kamshafti, na dawa yake ni kamshafti kali zaidi. Nikaagiza moja kutoka duka la Marekani linalouza vifaa vya mashindano, dola 230, ikafika Dallas kwa binamu yangu, naye akaja nayo Disemba ndani ya sanduku la nguo, imeviringishwa kwenye suruali mbili za jeans.

Niwaeleze kidogo kamshafti inafanya nini, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Ni mhimili wa chuma wenye nundu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, zimeunganishwa kwa cheni. Kila nundu ikipita inasukuma roka, roka inasukuma valvu, valvu inafunguka. Nundu ikiondoka, springi inairudisha. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde moja. Urefu wa nundu ndio unaoamua valvu ifunguke kiasi gani, na upana wake unaamua ikae wazi muda gani. Kwa mtu wa kazi yangu ni rahisi kuipenda: ni programu iliyoandikwa kwa chuma. Ukibadilisha umbo la nundu umebadilisha programu, na injini ileile inakuwa na tabia nyingine. (Wenye Vitz na Probox: ile alama ya VVT-i inamaanisha gari lako linaweza kuisogeza programu hiyo mbele au nyuma lenyewe wakati linatembea. Sisi wa 22R tunaishi na ile tuliyopewa.)

Kamshafti ya mashindano huacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, ili injini ikienda kasi sana hewa ipate nafasi ya kuingia. Nguvu inaongezeka. Hivyo ndivyo nilivyosoma, na ni kweli. Sikusoma aya iliyofuata.

Fundi tuliyempelekea ndiye aliyekuwa akimtengenezea Baba. Gereji yake ni mabati matatu na mwembe mmoja, njia ya kuelekea Ponda Mali, na vumbi la Rhonda mnalijua, kila kifaa kikifunguliwa kinafunikwa kwa gunia safi papo hapo. Nikamwonyesha ile kamshafti. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipangusa, akaizungusha polepole juani akizitazama nundu, akasema ni kazi safi sana. Nikafurahi. Kisha akauliza, "Injinia, hii gari ya mama inaenda rali?"

Nikamtajia Celica. Kumbe aliziona mwenyewe akiwa mtoto, akisimama kando ya barabara. "Hiyo Celica," akasema, "ilikuwa na gari la mafundi nyuma yake na helikopta juu. Mama yako akizima huko Mau Narok saa kumi na mbili jioni, nyuma yake kuna nani?"

Sikuwa na jibu. Akarudisha kamshafti kwenye sanduku na kusema tupime kwanza.

Sasa wenzangu wa programu mtacheka. Mimi ndiye huwa nawakaripia vijana kazini: usiboreshe kitu kabla hujapima, kwanza jua ni wapi programu inapoteza muda. Na hapa nilikuwa nimenunua dawa ya dola 230 bila hata kumtazama mgonjwa.

Alipasha injini moto, akatoa plagi zote nne, akaingiza geji ya kupima mbano kwenye tundu moja moja, huku mimi nikipiga stata na kukanyaga mafuta hadi chini. Silinda ya kwanza 132. Ya pili 130. Ya tatu 104. Ya nne 131. Hizo ni psi. Nilikuwa na kitabu cha Toyota kwenye simu, nikakifungua mara moja. Kinasema injini hii ikiwa nzuri inatoa 171, na ikishuka chini ya 142 imekwisha. Moyo ukanidunda. Zote nne zilikuwa chini ya kiwango! Nikaanza kupiga hesabu ya ovaholi kamili kichwani, pistoni, ringi, kuchonga bloku, laki moja na zaidi, na mbele ya Mama nikasema kwa sauti kwamba injini imekufa.

Fundi hakuinua hata kichwa. "Hapa kwetu 130 ni injini ya kuoa," akasema. "Hiyo ya tatu ndiyo mgonjwa."

Nilidhani ananifariji. Usiku ule, nyumbani, nikafungua laptopu nikahesabu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na kwenye mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Pistoni inabana hewa iliyopo, haiwezi kubana isiyokuwepo. Nikachukua ile 171 ya kitabu, nikaongeza hewa ya kawaida ambayo geji haihesabu, nikazidisha kwa 0.8, nikaondoa hewa ya Nakuru. Ikatoka 137. Maana yake injini mpya kabisa kutoka kiwandani, ikipimwa chini ya ule mwembe wa Rhonda, ingefeli mtihani wa kitabu. Yetu yenye nusu milioni ya kilomita ilikuwa pungufu kwa psi tano hadi saba tu. Fundi hajawahi kuiandika hesabu hiyo popote, lakini amepima magari miaka thelathini mahali pamoja na jibu analijua.

Kesho yake tukaishughulikia silinda ya tatu. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena. Kama ringi zingekuwa ndizo zinazovujisha, oili ingeziba na namba ingepanda sana. Ikapanda hadi 108 tu. Akaunganisha mpira wa kompresa, ileile ya kujazia matairi, akaweka pistoni juu kabisa, valvu zote zimefungwa, akasukuma hewa ndani. Akaniambia niweke sikio kwenye ekzosti. Shhhhh. Valvu ya kutolea moshi haikai vizuri kwenye kiti chake.

Hiyo ilieleza mbano. Ile tik tik tik bado. Tukafungua kifuniko cha juu, na hapo niliiona kwa macho yangu: nundu ya kuvutia hewa ya silinda hiyohiyo ya tatu imelika. Wenzake wana kilele, yeye ana kipara. Tulipoipima baadaye kwa maikromita ilikuwa fupi kwa milimita 1.4 kuliko zile nyingine tatu. Na roka iliyokuwa ikiteleza juu yake ilikuwa na shimo kama kijiko kilichotumika sana. Kwa hiyo silinda moja ilikuwa inavuta hewa nusunusu na kupoteza sehemu ya kile ilichovuta. Mama alikuwa akipanda Mau Narok kwa silinda tatu na kitu.

"Oili," fundi akasema. "Kuna wakati hii gari ilikaa na oili mbaya."

Hapa nataka kusimama kidogo. Chini ya kiti cha dereva kuna daftari la Baba, la shule, jalada la buluu. Kila alichofanya kwenye gari kimeandikwa, tarehe na kilomita. Oili na filta kila kilomita 5,000. Kuna mstari wa mwaka 2009: "Cheni mpya. Reli za plastiki nimetupa, nimeweka za chuma. Usirudishe plastiki." Wanaoijua 22R wataelewa thamani ya mstari huo. Reli za plastiki zinazoongoza cheni huvunjika zikizeeka, cheni inaanza kusaga kifuniko chake hadi inatoboa njia ya maji, na maji yakiingia kwenye oili ndiyo mwisho wa injini. Nimesoma misimbo ya makampuni makubwa isiyokuwa na maelezo mazuri hivyo.

Baada ya 2015 mwandiko unabadilika, ni wa Mama, mfupi zaidi lakini upo. Kisha mwaka 2018, kati ya Machi na Desemba, hakuna kitu. Kuna mstari mmoja tu wa Julai, mwandiko wangu: "Oili imebadilishwa."

Haikubadilishwa. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Mama akanipa shilingi 4,500 na gari, niende nikabadilishe oili na filta. Nikanunua lita moja ya oili ya bei ya chini ya kuongezea, na pesa iliyobaki, pamoja na akiba kidogo niliyokuwa nayo, nikanunua memori ya laptopu, GB 8, kwa sababu nilikuwa na mradi na mashine ilikuwa inaganda. Nikajiambia nitabadilisha mwezi ujao. Oili ile ikaenda hadi Desemba, mara mbili kwa wiki, Mau Narok na kurudi. Siwezi kuthibitisha kwamba nundu ya tatu ilianza kulika miezi hiyo. Lakini nilisimama pale nikiishika ile roka yenye shimo, na fundi ananitazama, nikanyamaza.

Haya, turudi kwenye kazi.

Kwenye 22R huwezi kutoa kamshafti bila kugusa hedi, kwa sababu bolti kumi zinazoshika hedi ndizo hizohizo zinazoshika mhimili wa roka. Ukizilegeza umeshaisumbua gasketi ya hedi. Kwetu haikuwa shida kwa kuwa valvu ilitaka hedi itoke hata hivyo, lakini mwenye nia ya kubadilisha kamshafti tu ajue anachofungua. Zinalegezwa polepole, kuanzia nje kuja katikati. Na kuna bolti moja zaidi, imejificha mbele, chini ya gia ya distributa, ndani ya kidimbwi cha oili. Huioni. Fundi alichovya kidole akanionyesha ilipo, akasema amewahi kuletewa hedi mbili zilizovunjwa na watu waliodhani wamemaliza bolti wakaanza kung'oa kwa mtaimbo.

Hedi ikaenda mjini kusawazishwa uso na kusagwa viti vya valvu, ikiwa na valvu moja mpya. Zilibaki siku mbili za kuamua swali la kamshafti.

Ya zamani haiwezi kurudi. Ya mashindano ninayo mkononi, nimeshailipia. Na mimi, pamoja na yote niliyoyaona, bado nilitaka tuifunge hiyo! Nilikuwa na hoja nzuri sana. Nikaandika programu ndogo ya Python kuthibitisha hoja hiyo, na programu ikanigeuka.

Iko hivi. Valvu ya kuvuta hewa haifungwi pistoni ikifika chini, inafungwa baadaye kidogo, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Injini ikienda kasi hiyo ni faida, hewa bado inaingia kwa msukumo wake. Injini ikienda polepole, pistoni inairudisha hewa ilikotoka. Mbano wa kweli unaanza pale tu valvu inapofungwa. Pistoni ya 22R inatembea milimita 89, na uwiano wa mbano ni 9 kwa 1. Nikaweka valvu ifungwe digrii 50 baada ya pistoni kufika chini, kama kamshafti ya kawaida ya kazi: uwiano wa kweli ukatoka 7.9. Nikaweka digrii 70, kama ile ya suruali za jeans: 6.9. Kisha nikaongeza mwinuko. Huko juu kwenye mita 2,700 hewa imebaki asilimia 72 hivi ya ile ya pwani. Mama anapanda akiwa na mizunguko 2,000 kwa dakika, labda 2,200, gia ya pili, tani moja mgongoni, hewa nyembamba, na mimi nataka nimpe injini inayoitema sehemu ya hiyo hewa kidogo nje. Nguvu ya kamshafti yangu ingeanza kuonekana kuanzia mizunguko 3,500 kwenda juu. Mama hafiki huko hata akishuka.

Na hata kama angefika, injini ya kilomita nusu milioni, springi za zamani, cheni iliyovutika, ni nani anayetaka kuizungusha 5,500 kutwa?

Nikampelekea Mama michoro ya grafu jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Alitazama laptopu kwa adabu, akaniacha nieleze hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo ya Amerika itanifikisha Mau Narok na mbolea, ndiyo ama hapana?"

"Itakufikisha, lakini..."

"Hapana basi. Nunua ya gari."

Asubuhi nikapanda matatu hadi Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, nikanunua kamshafti mpya ya muundo wa kawaida na roka nane mpya. Roka ni muhimu, jamani. Ukiweka kamshafti mpya juu ya roka zilizolika, zinaila ndani ya miezi. Wauzaji wengi watakuuzia kamshafti peke yake bila kukuambia hilo. Pamoja na gasketi, valvu, kazi ya hedi na fundi, jumla ilifika shilingi 46,000. Zile dola 230 siziweki kwenye hesabu, hizo ni ada ya shule.

Kufunga hedi kulichukua siku nzima, bolti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu tatu hadi Nm 78, na fundi akaniachia heshima ya kuvalisha cheni kwenye gia ya kamshafti. Alama ya gia inatakiwa ikutane na kiungo cha cheni chenye alama. Nikavalisha. Nikahesabu. Nikajiamini. Akaweka spana kwenye krenki na kuizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, akatazama alama, akaniita nione. Nilikuwa nimekosea jino moja.

Jino moja! Miaka sita nalipwa mshahara kwa kuandika programu, na kosa langu ni lilelile la siku ya kwanza darasani, la kuanza kuhesabu kutoka moja mahali pa sifuri. Yule kijana wake wa mafunzo, hata kumi na nane hajafika, alicheka hadi akakaa chini. Kama tungepiga stata bila kuzungusha kwa mkono, kwa bahati nzuri ingekohoa tu kupitia kabureta. Kwa bahati mbaya sitaki kufikiria.

Tapeti zikawekwa, 0.20 za kuvutia hewa na 0.30 za ekzosti, hizo ni za injini moto kwa hiyo tulizirudia baadaye. Nundu zote zilikuwa zimepakwa grisi nyeusi ya kamshafti mpya. Ilipowaka haikuruhusiwa kupumzika kwenye mizunguko ya chini: dakika 20 kwenye 2,000 hivi, ikipanda na kushuka kidogo, ili nundu na roka zizoeane huku oili ikirushwa kila mahali. Nusu ya watoto wa mtaa walikuja kutazama. Tik tik haikuwepo. Niliweka oili yenye zinki ya kutosha, maana oili nyingi za siku hizi zimepunguziwa zinki na fosforasi ili zisiharibu vichujio vya moshi vya magari mapya, na injini za zamani ambazo roka zake zinateleza juu ya nundu huzihitaji.

Alhamisi nikapanda na Mama. Mbolea magunia kumi na sita, unga na sukari juu yake. Tulipita Njoro, tukapita lango la Egerton, mlima ukaanza. Gia ya tatu. Akaikanyaga kidogo, akasikiliza, hakushusha gia. Lori la mkaa mbele yetu likatuashiria tupite, tukapita.

Nikaona hakuna wakati mwingine. Nikamwambia kuhusu Julai 2018, pesa ya oili, memori ya laptopu, mstari wa uongo kwenye daftari. Nilieleza kwa urefu, pamoja na nundu ya tatu.

Hakuitoa macho barabarani. "Nilijua," akasema. "Ulirudi na gari filta ikiwa ya zamani, ina alama ya rangi ambayo baba yako alikuwa anaweka. Nikasubiri useme." Akabadilisha taa kupisha pikipiki. "Sikujua ni wewe utasubiri miaka saba."

Tulipofika juu alinipa daftari niandike mwenyewe. Nikaufuta ule mstari wa Julai kwa kuuchora katikati, usomeke lakini ionekane umefutwa, nikaandika chini yake kilichotokea, kisha tarehe ya siku ile, kamshafti, roka nane, valvu moja, oili lita 4 na filta mpya. Kwenye sehemu ya kilomita sikuwa na la kuandika. Mita bado imekufa. Nimeagiza kebo yake, na hiyo nitaifunga mwenyewe Pasaka.

Kamshafti ya mashindano iko hapa mezani, kando ya skrini, imepakwa oili isishike kutu. Kama kuna msomaji mwenye 22R anayekwenda rali kweli, na ana watu nyuma yake, tuongee bei.